Danieli katika Darasa la Kiholanzi

Masomo ya juma: Danieli 1:1–21, Yeremia 29:4–7



Mihadhara imeanza tena hapa Leiden, na Jumapili iliyopita niliona nyuso nyingi mpya kwenye ibada yetu ya Kiswahili. Wapo waliotoka Dodoma na Eldoret, wapo wa Bujumbura, wapo wa Goma na Lubumbashi. Karibuni sana. Baada ya ibada, tulipokuwa tukinywa chai, swali lililozunguka meza zote lilikuwa lile linaloulizwa kila Septemba: je, kuna haja ya kujifunza Kiholanzi?

Swali hilo ni la haki. Shahada mliyoifuata inafundishwa kwa Kiingereza. Msimamizi wa tasnifu anazungumza Kiingereza. Dereva wa basi, mhudumu wa benki, hata muuza samaki sokoni, akisikia lafudhi ngeni anahamia Kiingereza kabla hujafika katikati ya sentensi yako. Kozi ya wanaoanza inakula jioni zenu, ina mazoezi ya kufanya nyumbani, na kwa wengi wenu haiongezi alama hata moja kwenye cheti. Mtu aliyekuja kwa ufadhili wa mwaka mmoja au miwili, ambaye nyumbani wapo wanaomngojea arudi na karatasi yake, ana sababu ya kupima saa zake.

Nami najibu kwamba haja ipo. Naomba mnisikilize kwa subira, maana nataka kupitia kwenye Neno kabla ya kufika darasani.

Nebukadreza alipouzingira Yerusalemu alichukua vyombo vya nyumba ya Mungu, akavipeleka katika nyumba ya mungu wake. Akachukua na vijana. Akaagiza wateuliwe wenye afya na akili, wafundishwe elimu na lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, kisha wasimame mbele yake. Danieli na wenzake, basi, walikuwa wanafunzi wa chuo katika nchi ya watu. Mahubiri mengi tuliyoyasikia tangu Shule ya Jumapili yanakimbilia aya ya 8, pale Danieli alipoazimu moyoni asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme. Ni kweli, chakula alikikataa. Lakini someni taratibu, mtazame na yale ambayo hakuyakataa. Hakukataa darasa. Hakukataa kuketi mbele ya mwalimu wa Kikaldayo na kurudia baada yake maneno ya watu waliopora hekalu la Mungu wake. Na aya ya 17 inatuambia kwamba ule ujuzi wa elimu yote walipewa na Mungu mwenyewe. Kila nikiifikia aya hiyo nasimama. Mungu wa Israeli alikuwa pamoja nao katika vitabu vya Babeli, akiwasaidia kushika somo.

Wakati wa uhamisho huo huo Yeremia aliwaandikia waliochukuliwa. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, wautakie mema mji ule na kuuombea kwa Bwana. Nawauliza, mtauombea vipi mji huu ikiwa hamwezi kusoma hata tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa jengo mnamolala?

Ninyi hamkuletwa mateka. Hilo ni jambo kubwa la kumshukuru Mungu, na linabadilisha hesabu yote. Wahamiaji wengi wanaokuja kuishi huku moja kwa moja wanalazimishwa na sheria kufanya mtihani wa lugha na wa maarifa ya jamii, na tangu tarehe 1 Januari 2022 lengo la kawaida la mtihani huo limepandishwa hadi kiwango cha B1, ambacho si kidogo. Mwanafunzi halazimishwi. Hakuna afisa atakayekuuliza ulijifunza maneno mangapi. Kwa hiyo ukienda darasani unakwenda kwa hiari yako, na jirani yako atalijua hilo tangu neno la kwanza.

Sasa tuingie darasani. Wengine wametishwa na masimulizi ya lugha hii, na ninataka kuwatuliza. Ile sauti ya koo ambayo wageni wengi wanailalamikia, sisi tunaosema ghafula na kheri hatuna sababu ya kuiogopa; waliolelewa Pwani watawashangaza walimu wao. Habari ya de na het, vile vibainishi viwili ambavyo kila jina lazima liwe na kimojawapo, inawachosha wengi kwa sababu hakuna kanuni inayotosheleza. Lakini mtu aliyekua akisema mti umeanguka, kiti kimeanguka, jiwe limeanguka, bila kukosea hata siku moja, ameshazoea jina kuja na upatanisho wake. Lishike jina pamoja na kibainishi chake, kama ulivyolishika gari pamoja na magari. Hesabu zinageuzwa: sisi tunasema ishirini na nne, wao wanasema nne na ishirini, kwa neno moja lililoshikana, vierentwintig. Andika namba ya simu unayotajiwa kwa mtindo huo na utaona jinsi mkono unavyosita.

Ugumu wetu uko kwingine. Ndimi zetu zimezoea kupumzika kwenye irabu, na Kiholanzi kinarundika konsonanti. Majira haya yanayoanza sasa, ya majani kuanguka, yanaitwa herfst, na mwishoni mwa neno hilo zipo konsonanti nne zinazofuatana bila irabu ya kuziokoa. Tena kuna irabu fupi na ndefu: man ni mwanamume, maan ni mwezi wa angani. Na zipo irabu kama ile ya huis, nyumba, ambazo Kiswahili hakina kabisa na lazima mdomo ufundishwe upya.

Ninalotaka kukaa nalo zaidi ni kitenzi. Mtafundishwa kwamba katika sentensi kuu kitenzi hukaa nafasi ya pili, hata sentensi ikianza na jana au kesho. Kisha mtafundishwa kwamba likiingia neno kama omdat, yaani kwa sababu, kitenzi kinaondolewa pale na kupelekwa mwisho kabisa. Mtu anakueleza: kwa sababu mimi jana pamoja na jirani yangu bustanini kahawa... na bado hujui kama aliinywa, aliimwaga au aliikataa. Vitenzi vingine vinakatwa vipande viwili, kimoja mbele, kingine nyuma. Sisi tumezoea kitenzi kinachofika mapema kikiwa kimeshiba. Ukisema nilimwona, umekwisha kutaja aliyeona, wakati, na aliyeonwa. Hapa unatakiwa kungoja. Huwezi kumkatiza msemaji ukadhani umemwelewa, kwa kuwa jambo lenyewe halijasemwa bado.

Mithali 18:13 inamwonya anayejibu kabla ya kusikia, na Yakobo katika sura yake ya kwanza anataka tuwe wepesi wa kusikia na wazito wa kusema. Nimehubiri juu ya aya hizo mara nyingi. Naamini wanafunzi wanaokaa jioni kwenye vile viti vya plastiki, macho yamemtazama mwalimu, wakikisubiri kitenzi, wanazitenda kuliko wengi wetu tunaozihubiri.

Lakini kusubiri huko kuna mtu upande wa pili. Katika nchi hii karibu kaya nne kati ya kila kumi ni za mtu mmoja anayeishi peke yake. Wengi wao ni vijana kama ninyi, na wengi ni wazee waliofiwa na wenzi wao. Hao wazee Kiingereza wanakijua kiasi. Walikisoma shuleni, wakakitumia likizo. Ila mtu akiugua, au akifiwa, lugha ya shule inampa kisogo. Wanaofanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee wanalijua hili vizuri: kumbukumbu zikianza kufifia, lugha iliyokuja baadaye ndiyo hutangulia kuondoka, na inayobaki ni ile ya mama.

Dada mmoja wa ushirika wetu alikuja kusomea uhandisi wa maji Delft, katika taasisi ya IHE, ambayo tangu mwaka 1957 imefundisha wahandisi wengi kutoka Afrika. Alipanga chumba cha juu. Chini yake aliishi mzee mjane mwenye asili ya Zeeland. Dada alipoanza kozi ya Kiholanzi alijiwekea desturi ya kumsalimu kila akipita, akitumia u, ile namna ya heshima, jambo lililo rahisi kwa mtu aliyelelewa kwenye shikamoo. Mwanzoni mzee alimjibu kwa Kiingereza. Yule dada akaendelea na Kiholanzi chake kidogo. Siku moja ya baridi mzee alimkaribisha kahawa, na alipomuuliza anasoma nini, akajibu: maji.

Mzee alinyamaza, kisha akaanza kusimulia. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja mabwawa ya Zeeland. Watu 1,836 walikufa katika nchi hii. Dada yetu alikuwa akiijua tarakimu hiyo. Ilikuwa kwenye mihadhara yake, pamoja na michoro ya kina cha maji na kasi ya upepo, na jinsi baadaye taifa lilivyojenga ile mitambo mikubwa ya kuzuia bahari. Mzee hakumpa tarakimu. Alikuwa mtoto wakati ule. Alisema baba. Alisema paa. Alisema maji, baridi, ng'ombe, giza, mama, mkono. Dada yetu aliniambia kwamba karibu kila neno alilolisikia lilikuwa limo katika sura za mwanzo za kitabu chake cha kozi, kwenye kurasa zenye picha za jamaa, za nyumba na za wanyama. Kwa maneno hayo ya wanaoanza, mzee aliweza kumfikishia usiku mbaya kuliko wote wa maisha yake, na dada aliweza kumsikia hadi mwisho. Kwa Kiingereza mzee alikuwa hajawahi kumsimulia mgeni yeyote habari hiyo.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo sababu yangu. Kiingereza kitawafikisha kwenye ukumbi wa mihadhara na kuwarudisha na shahada, nami nawaombea iwe hivyo. Hakitawafikisha kwenye ile meza ya kahawa.

Wengine mnaona haya. Mtu ana shahada mbili, ameongoza idara, nyumbani anaitwa mheshimiwa, na hapa anatakiwa kusema jina langu ni fulani, natoka Tanzania, nina kaka wawili, mbele ya vijana wa miaka kumi na tisa. Kwa ajili yenu namtaja Kader Abdolah. Alizaliwa Uajemi, akafika Uholanzi mwaka 1988 akiwa mkimbizi wa kisiasa na mtu mzima, mwandishi ambaye lugha yake ilikuwa imebaki nyuma. Alijifunza Kiholanzi akisoma vitabu vya watoto, na hasa Jip en Janneke, hadithi za Annie M.G. Schmidt ambazo karibu kila mtoto wa nchi hii amesomewa kabla ya kulala. Mwaka 1993 alitoa kitabu chake cha kwanza kwa Kiholanzi, na leo ni miongoni mwa waandishi wanaosomwa sana katika lugha hiyo. Jip ni mvulana na Janneke ni msichana, watoto wa nyumba mbili jirani, na urafiki wao unaanzia kwenye tundu la ua uliowatenganisha. Kitabu cha Jip en Janneke kiazimeni maktaba. Bwana wetu alimsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi wake, akawaambia wageuke wawe kama yeye, na waliokuwa wakisikiliza walikuwa watu wazima wenye kazi zao.

Kuhusu desturi nitasema machache, maana nyingi mtazijifunza kwa kuishi. Huku watu hawaendi kubisha hodi bila kupanga siku, na mtu akifungua kitabu chake cha miadi akakupa siku ya majuma matatu yajayo, msimchukulie kuwa mwenye roho mbaya. Siku hiyo ikifika atakuwa amekutayarishia na atakupa muda wake wote. Wanasema mambo waziwazi. Mwalimu atakwambia insha yako ni dhaifu bila kuzunguka, na akishasema amemaliza, hana kinyongo. Kwenye sikukuu ya kuzaliwa wageni huketi kwa duara, na anayeingia hupita akimpa mkono kila mmoja na kumpongeza: mama kwa binti yake, dada kwa ndugu yake, hata jirani kwa jirani yake. Desturi hii naipenda sana. Inakiri kwamba mtu hakuzaliwa kwa ajili ya nafsi yake tu, na inatukaribia sisi kuliko tunavyodhani.

Na tarehe 3 Oktoba, baada ya majuma machache, msijifungie vyumbani na vitabu. Mwaka 1574 mji huu ulizingirwa na jeshi la Hispania na watu wengi wakafa kwa njaa na magonjwa. Mabwawa yalivunjwa makusudi ili maji yafunike mashamba na mashua za ukombozi zipite. Waliookoka waligawiwa samaki wa heringi na mkate mweupe, na hadi leo mji unakula vitu hivyo siku hiyo, pamoja na hutspot, viazi vilivyopondwa na karoti na vitunguu. Mwaka uliofuata, 1575, Willem van Oranje aliupa mji chuo kikuu, hiki mnachosomea. Asubuhi ya tarehe 3 kuna ibada ya shukrani katika Pieterskerk. Njooni twende pamoja. Hamtaelewa yote yatakayohubiriwa, lakini neno God mtalisikia, na brood, mkate, na vrijheid, uhuru.

Sasa nafika kwenye jambo zito, na siwezi kulipita kwa sababu ninyi ni Waafrika na mnakaa Leiden.

Mwaka 1728 aliletwa nchi hii mtoto wa Kiafrika kutoka pwani ambayo leo ni ya Ghana. Alikuwa amenunuliwa na nahodha, akapewa mfanyabiashara, naye akamleta Den Haag na kumlea. Walimwita Jacobus Elisa Johannes Capitein. Alijifunza Kiholanzi, kisha Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Hata misingi ya Kikaldayo alifundishwa, lugha ya Danieli. Mwaka 1737 aliandikishwa katika chuo hiki kusoma theolojia. Mwezi Machi 1742 alisimama mbele ya maprofesa, akatetea kwa Kilatini hoja kwamba utumwa haupingani na uhuru wa Kikristo. Maneno yake yakatafsiriwa kwa Kiholanzi, yakachapishwa tena na tena, maana waliokuwa wakiuza watu walifurahi kuyasikia kutoka kinywani mwa Mwafrika. Mwaka huo huo alibarikiwa kuwa mchungaji na kutumwa Elmina, kwenye ngome iliyokuwa na mahabusu za watumwa chini ya sakafu. Aliwafundisha watoto, akatafsiri Sala ya Bwana na Amri Kumi kwa lugha ya watu wa pale. Alikufa mwaka 1747, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi.

Nampenda ndugu huyu na namlilia. Sitaki yeyote wenu amcheke. Alikuwa mtoto aliyeng'olewa kwao, na wote waliompa mkate, kitabu na jina walikuwa upande mmoja. Lakini aliketi katika chuo hiki hiki, na alikula vyote viwili, lugha na chakula cha mfalme. Nikiisoma Danieli 1 hapa Leiden, Capitein ndiye ninayemwona akiwa amekaa benchi la nyuma.

Mkimsoma yeye, msomeni na Anton de Kom. Alizaliwa Paramaribo, Suriname, mwaka 1898, mtoto wa mtu aliyezaliwa utumwani. Uholanzi ilikomesha utumwa katika koloni hilo tarehe 1 Julai 1863. Wamiliki walilipwa fidia ya gulden 300 kwa kila mtumwa, na waliokuwa watumwa wakalazimishwa kuendelea na kazi kwa mikataba kwa miaka kumi zaidi, hadi 1873. Shuleni de Kom alifundishwa kwa Kiholanzi kuwasifu mashujaa wa Uholanzi. Lugha hiyo hiyo aliichukua akaandika Wij slaven van Suriname, kitabu kilichotoka mwaka 1934, akawaeleza Waholanzi kwa maneno yao wenyewe walichowatendea babu zake. Wanazi walipoikalia nchi hii alijiunga na waliowapinga, akakamatwa, akafia katika kambi yao mwaka 1945. Ilichukua muda mrefu neno lake kusikika. Tarehe 19 Desemba 2022 Waziri Mkuu Mark Rutte aliomba radhi kwa niaba ya serikali, na tarehe 1 Julai 2023 Mfalme Willem-Alexander akaomba radhi mbele ya watu Amsterdam. Mwanafunzi anayejifunza lugha hii akaishia kwenye jibini na baiskeli amefundishwa nusu. Kitabu cha de Kom kinapatikana maktaba, na kabla ya kumaliza miaka yenu hapa baadhi yenu mtaweza kukisoma kwa lugha aliyokiandikia.

Ndugu zetu wa Lubumbashi na Kolwezi wana ushuhuda wa kuongeza, uliokwenda njia ya kinyume. Placide Tempels, Mfransisko wa Flanders ambaye Kiholanzi kilikuwa lugha yake, alikwenda Kongo mwaka 1933 na kufanya kazi Katanga. Mwanzoni alihubiri kama mwenye kujua. Baadaye aligeuka akawa mwenye kuuliza: watu hawa wanatamani nini, wanaogopa nini, wanamaanisha nini wanaposema uzima. Kitabu chake juu ya fikra za Wabantu alikiandika kwa Kiholanzi, na tafsiri ya Kifaransa ikatoka Élisabethville mwaka 1945. Wasomi wa Kiafrika wamekipinga kwa mengi, na wana hoja. Ninachokipenda zaidi ni kilichofuata, Jamaa, ushirika wa waume na wake katika miji ya migodi, waliokutana na kutafakari kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na mapendo. Mzungu yule alikaa kati yao akisikiliza.

Basi, kwa wanaoanza juma hili. Tafuteni Bijbel in Gewone Taal, tafsiri ya mwaka 2014 iliyoandikwa kwa lugha nyepesi, mfungue Injili ya Marko na kuiweka kando ya Biblia yenu ya Kiswahili. Habari mnazijua tayari, kwa hiyo akili itakuwa huru kushughulika na maneno. Mkumbuke pia mahali mlipo: ile Biblia kuu ya Kiholanzi iliyochapishwa mwaka 1637 ilifanyiwa kazi na kupigwa chapa katika mji huu. Miongoni mwa watafsiri alikuwamo Willem Baudartius, mzaliwa wa Flanders ambaye wazazi wake walikimbilia Uingereza akiwa mdogo. Walitoka majimbo mbalimbali na ilibidi wakubaliane neno kwa neno, kama wazee wetu walivyohangaika na Kimvita na Kiunguja hadi ikapatikana Biblia ya 1952 ambayo wa Mombasa na wa Unguja wanaisoma pamoja.

Jirani akihamia Kiingereza, msivunjike moyo, anawafanyia wema. Mwulizeni kwa upole: mag ik Nederlands met u praten? Atapunguza mwendo, pengine atapaza sauti kidogo, na atawarekebisha de na het. Mshukuruni, muendelee.

Jumapili ijayo tutasoma Danieli sura ya 2. Wenye Biblia ya Kiholanzi wasome aya nne za mwanzo kwa sauti kabla ya kuja. Katika aya ya 4 wenye hekima wanaanza kumjibu mfalme, na hapo ndipo kitabu chenyewe kinapoacha Kiebrania na kuingia Kiaramu, kikabaki humo hadi mwisho wa sura ya 7. Tutaanzia kwenye aya hiyo.